Vipimo vya Mbingu katika Bandari ya Amu

Katika miji yote ya Uswahilini, sijui mji ambao mahali pake juu ya uso wa dunia pamemfaa mwanafunzi wa ilmu ya falaki kuliko Amu, kwani mji huo umekaa kusini ya ikweta kwa digrii 2 na dakika 16 tu, na mashariki ya Greenwich kwa digrii 40 na dakika 54, ilhali Makka tukufu imo katika digrii 39 na dakika 50 za mashariki, hata ikawa miji hiyo miwili, mmoja wa bandari na mmoja wa hija, imekaribia kupangwa juu ya mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini. Kwa ajili hiyo mihirabu ya misikiti ya Amu, tangu Msikiti wa Pwani unaotajwa kuwa ulijengwa mwaka 1370, huelekea kaskazini. Na mwenye kuifanya hesabu kwa kanuni za pembetatu zilizochorwa juu ya tufe atapata kwamba kibla cha Amu kimeiacha kaskazini halisi, kwa upande wa magharibi, kwa digrii 2 na nusu peke yake. Wazee wetu waliita kaskazini kibla, na kusini wakaiita suheli kwa jina la ile nyota kubwa ing'aayo upande huo katika miezi ya kaskazi, na kwa majina hayo mawili waliweza kuusimamisha msikiti na kukiongoza chombo.

Watu wengi wa zama hizi huingia katika ilmu ya falaki kwa mlango wa kustaajabu: husikia habari za masafa yasiyosemeka na za nyota zilizo kubwa kuliko jua, wakashika vitabu kwa hamu, kisha wakafika ukurasa wa pembe na wa sehemu, wakavifunga. Historia ya Amu inaonyesha mlango mwingine, nao ni wa kazi. Nahodha, muadhini, mvuvi na mkulima wa bara ya Amu walizitazama nyota kwa sababu walikuwa na haja nazo, na haja ile ikawalazimisha kupima. Na ukivichukua vipimo vyao ukavipanga, utaona kwamba ndivyo hivyo hivyo atakavyofundishwa mwanafunzi katika miezi yake ya kwanza ya falaki: pembe, uwiano, mgawanyo, hesabu ya siku, na namna ya kuisahihisha saa.

Tuanze chini, kwenye kivuli. Fundi wa Amu alipima kwa mwili wake: shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, ambayo ni mikono miwili iliyonyoshwa kulia na kushoto. Ngazi yote hiyo imejengwa kwa kuzidisha mbili kwa mbili, hata pima moja ikawa shibiri 8, na mtu asiyejua kuandika tarakimu aliweza kupanda na kushuka ngazi hiyo kichwani bila ya kukosea. Aliyekuwa amekaa chuoni alizidi hapo, kwani fikihi haikamiliki bila ya mirathi, na mirathi haigawanywi bila ya nusu, robo na thumuni, na thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kwa hiyo katika mji kama Amu, ambao baadaye ulipata sifa ya elimu katika Afrika Mashariki nzima kwa chuo cha Riyadha alichokiasisi Habib Saleh, hesabu ya sehemu ilikuwa ni jambo la mezani pa kadhi. Wanafalaki wa Kiislamu, kwa upande wao, walijaza majedwali yao kwa herufi za abjadi, alifu ikasimama mahali pa 1, be mahali pa 2, ye mahali pa 10, wakagawa kila daraja kwa 60 na kila dakika kwa 60 tena, kama walivyorithi kutoka Babeli kwa njia ya Wayunani. Na mgawanyo huo ungali mbele ya macho yetu katika kila saa ya mkononi.

Kivuli cha adhuhuri ndicho chombo cha kwanza cha falaki, na hakina bei. Vitabu vya wanafalaki vilikikadiria kimo cha mtu kuwa nyayo 7 za mguu wake mwenyewe, wengine wakasema 6 na nusu, na kwa kadirio hilo mtu aliyesimama uwanjani akawa yeye mwenyewe ndiye mti wa kupimia. Sasa mwanafunzi na asimame Amu mwezi 21 Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini kadiri liwezavyo, yaani digrii 23 na dakika 27: Amu iko kusini ya ikweta kwa digrii 2 na dakika 16, basi jua litakuwa limeepuka utosini mwake kwa jumla ya hizo mbili, digrii 25 na dakika 43, na kivuli chake kitaanguka upande wa kusini kwa nyayo 3 na thuluthi. Mwezi 21 Disemba jua limekwenda kusini kwa kadiri ile ile, lakini safari hii Amu iko upande wake, kwa hiyo tunatoa badala ya kujumlisha, tukapata digrii 21 na dakika 11, na kivuli kinaanguka kaskazini kwa nyayo 2 na thuluthi mbili. Baina ya miezi hiyo kuna siku mbili ambazo Mwamu hana kivuli kabisa wakati wa adhuhuri: moja katikati ya Machi, na moja mwishoni mwa Septemba, jua linapopita juu ya utosi wa mji.

Hesabu hii ina hukumu ndani yake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, baada ya kuongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mwezi wa Juni, basi, muadhini wa Amu hukingojea kivuli chake kifikie nyayo 10 na thuluthi, na Disemba nyayo 9 na thuluthi mbili. Na yule atakayesahau nyongeza, akaridhika na nyayo 7 mwaka mzima, atakuwa amesali kabla ya wakati karibu kila siku, na jua halitamsamehe kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Sijaona mfano ulio bora kuliko huo wa kumfundisha kijana kwamba katika kupima hatuanzi kwenye sifuri mpaka tuijue sifuri iko wapi.

Kivuli hicho hicho, kikitazamwa katika miji miwili, huipima dunia. Eratosthenes alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akakuta tofauti ya kivuli baina ya Aswan na Iskandaria ni sehemu moja ya 50 ya duara. Na wanafalaki wa Khalifa al-Maamuni wa Baghdadi, katika karne ya 9, wakaenda jangwani wakapima urefu wa daraja moja kwa kutembea. Sisi tunayo Amu na Mombasa. Tofauti ya latitudo zao ni digrii 1 na dakika 47. Siku ambayo mti uliosimamishwa Amu hauna kivuli, mti wa sentimita 100 uliosimamishwa Mombasa hutupa kivuli cha sentimita 3 na kitu kidogo. Kutoka katika sentimita tatu hizo, na kilomita 198 za kaskazini kwenda kusini zilizopo baina ya miji hiyo, mwanafunzi anaweza kutoa mzunguko wa dunia nzima kwa kuzidisha na kugawa tu: 198 zigawe kwa 1.78, jawabu lizidishe kwa 360, na utakuwa umezifikia kilomita elfu 40. Walimu wa skuli zetu, ambao wana simu mikononi na jamaa katika miji yote miwili, wana udhuru gani?

Baharini mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa uwanja unatikisika. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa chanda, yaani upana wa kidole kwa mkono ulionyoshwa, na wala kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha kama mtu anavyoweza kudhani. Njia ya mwezi mbinguni waliigawa manzili 28, kila manzili waliihesabu vyanda 8, na 28 mara 8 ni 224; basi duara zima lilikuwa vyanda 224, na chanda kimoja, ukigawa 360 kwa 224, ni digrii 1 na dakika 36. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha kwa rula. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kitu huonekana kwa pembe ya digrii 1 kikiwa mbali na jicho mara 57 ya upana wake. Chanda chenye upana wa sentimita 1.8, kikiwa sentimita 64 kutoka jichoni, kiko mbali mara 35 na nusu ya upana wake, na 57 ukizigawa kwa 35 na nusu zinatoa 1.6. Mwili wa mwanadamu na duara la mbingu vimekubaliana.

Kwa kuwa vyanda vya watu havilingani, wakatengeneza kamali. Hicho ni kipande cha ubao chenye tundu katikati, kilichopitishwa uzi wenye mafundo. Baharia hulishika fundo kwa meno, akaunyosha uzi mpaka ukakaza, akalifunga jicho moja, akauteremsha au kuupandisha ubao hata ukingo wa chini ukaugusa upeo wa macho na ukingo wa juu ukaigusa nyota. Fundo la karibu na ubao lina maana ya pembe kubwa, na fundo la mbali pembe ndogo, na mafundo hayakuachana kwa nafasi sawa, kwani pembe haikui kwa kadiri ile ile ambayo uzi hupungua. Mtu aliyefunga mafundo hayo kwa usahihi alikuwa ameandika jedwali la tanjiti kwa kamba ya nazi, na hakuhitaji jina la Kilatini ili jedwali lake limfikishe nyumbani.

Chanda kiligawanywa zamu 8, na zamu ilikuwa pia ni muda wa saa 3 za kusafiri, kwa hiyo usiku na mchana ni zamu 8. Chombo kilichokwenda kaskazini moja kwa moja kwa zamu 8, katika upepo wa kawaida, kilitazamiwa kuipandisha Jaha, yaani nyota ya kaskazini, kwa chanda kimoja. Chanda cha dakika 96 ni maili 96 za bahari. Ukizigawa kwa saa 24 utapata maili 4 kwa saa, na huo ndio mwendo wa wastani wa jahazi lenye shehena. Katika hesabu moja hiyo vimeunganishwa wakati, masafa na pembe, nami nasema waziwazi kwamba vitabu vingi vya skuli hutumia kurasa kumi kufundisha jambo hili na bado mwanafunzi hatoki na kitu.

Bwana mkubwa wa fani hii alikuwa Ahmad bin Majid wa Julfar, katika nchi inayoitwa leo Ras al-Khaimah, aliyeikamilisha kazi yake kubwa, Kitab al-Fawaid, karibu na mwaka 1490, na aliyetunga pia urjuza juu ya njia ya pwani yetu hadi Sofala, ambao uliletwa mbele ya wasomaji wa zama hizi na mtafiti Shumovskii kutokana na hati iliyohifadhiwa Leningrad, mwaka 1957. Wanamaji wa zama zile walikuwa na shida moja katika pwani ya Amu: Jaha hushuka kadiri mtu aendavyo kusini, na akiikaribia ikweta huzama katika utusitusi wa upeo wa macho. Wakati huo nyota hiyo ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa kama digrii 3 na nusu, kwa hiyo kwa mtu wa Amu iliweza, katika kilele cha mzunguko wake, kuchungulia juu ya maji kwa digrii moja hivi, jambo la kumpoteza nahodha kuliko kumwongoza. Siku hizi imeikaribia ncha kwa karibu thuluthi mbili za digrii, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole, na Amu haionekani kabisa. Mabaharia, basi, waliiacha Jaha wakazipima Farkadi mbili, zilizo ndugu zake, na hizo zilipozama wakazipima nyota za Nashi. Kila kundi lilikuwa na nyongeza yake ya kuhesabiwa, na asiyeijua nyongeza alikuwa kama yule muadhini aliyesahau kivuli cha adhuhuri.

Mwaka 1498 elimu hiyo ilikutana na nyingine. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid mwenyewe, na habari hiyo ina asili yake katika maandishi ya mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali. Lakini João de Barros, Mreno aliyeandika katika karne hiyo hiyo, anamtaja Mgujarati aitwaye Malemo Cana, na wanahistoria wengi sasa wamelielekea neno la Barros. Mimi nimo upande wao, wala sioni kwamba bwana wa Julfar anapungukiwa na heshima kwa kuondolewa katika merikebu hiyo. Kilicho kizuri zaidi katika maelezo ya Barros ni kwamba Gama alimwonyesha rubani chombo kikubwa cha mbao cha kupimia jua, na rubani hakustaajabu hata kidogo, bali akaonyesha chake, cha mbao tatu.

Tuifuate hesabu yake. Malindi iko digrii 3 na dakika 13 kusini, na Calicut digrii 11 na dakika 15 kaskazini. Jumla ni digrii 14 na dakika 28, na ukizigawa kwa chanda utapata vyanda 9 bila ya baki. Katika siku za kwanza rubani hakuwa na Jaha ya kupima, akategemea dira na zamu, mpaka Jumapili ya tarehe 29 Aprili, siku ambayo mwandishi wa safari ile anasema waliiona tena nyota ya kaskazini waliyokuwa wameikosa kwa muda mrefu. Tangu usiku huo kazi ilikuwa ni kwenda mshazari, kaskazini na mashariki, huku nyota ikipanda fundo moja baada ya jingine, hata kimo chake kikafika kile cha Calicut; kisha kuelekea mashariki moja kwa moja, na pwani ya Malabari haiwezi kukosekana.

Wareno nao walikuwa na ufundi wao, nao ulitokana na shida iyo hiyo ya kuipoteza Jaha katika pwani ya Guinea. Mfalme João wa Pili alimtuma José Vizinho huko mwaka 1485 apime jua la adhuhuri, na majedwali ya Abraham Zacuto, ambayo kwayo hupatikana mwinamo wa jua wa kila siku, yalichapishwa Leiria mwaka 1496. Hesabu yenyewe ni ya kutoa na kujumlisha. Mtu aliye Amu mwezi 21 Juni akiliona jua la adhuhuri, upande wa kaskazini, katika kimo cha digrii 64 na dakika 17, huzitoa katika 90 akapata digrii 25 na dakika 43, kisha huutoa mwinamo wa siku hiyo, digrii 23 na dakika 27, na kinachobaki ni digrii 2 na dakika 16, ambayo ndiyo latitudo ya Amu. Watu waliokuja na hesabu hiyo hawakuja kufundisha. Mwaka 1506 Tristão da Cunha aliufikia mji, na Amu, uliokuwa umekwisha kusikia yaliyoupata mji wa Hoja mikononi mwa Wareno, ukakubali kutoa kodi.

Lakini si mabaharia wa masafa marefu peke yao waliohesabu. Mwenye dau la kwenda Pate hupita Mkanda, mfereji mwembamba ulio baina ya mikoko, na Mkanda haupitiki ila maji yakijaa. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa bamvua, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kama saa 10, alfajiri na alasiri. Ukiyagawa masaa 24 kwa siku 30 za mwezi, kila siku hupata dakika 48, na hizo ndizo maji yanazochelewa kutoka siku moja hadi ya pili. Vitabu husema 50, na tofauti hiyo haijamkwamisha mtu. Siku ya 5 baada ya mwandamo, 5 mara 48 ni dakika 240, yaani saa 4. Kwa hiyo maji yatajaa saa 2, asubuhi na usiku. Mtoto wa Amu anayejua mwezi una siku ngapi anajua pia dau litaondoka lini, na amefanya hesabu ya mizunguko bila ya kuambiwa kwamba ni ngumu.

Mwezi, hata hivyo, haumwambii mkulima lolote, kwani mwaka wa Hijra hupungua siku 11 kwa mwaka wa jua, na Ramadhani hupita katika masika na kaskazi kwa zamu. Ndiyo sababu pwani nzima ilishika Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliotoka Uajemi, unaoanza kwa Siku ya Mwaka na kuhesabiwa kwa miongo: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kumalizia. Nahodha na mkulima waliulizana wako mwongo wa ngapi, nao walijua mwongo wa kutia mbegu na mwongo wa kufunga bahari kwa nguvu za kusi.

Hapa lazima niseme upungufu wake, maana mapenzi ya vya kale yasitufumbe macho. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo, na robo hiyo, isipotiliwa siku ya ziada kila mwaka wa nne, huisogeza Nairuzi nyuma kwa siku 24 katika kila karne. Waajemi waliliona hilo, na mwaka 1079, katika zama za Sultani Malik Shah, wanafalaki ambao Umar Khayyam alikuwa mmoja wao waliifunga Nairuzi ya kwao katika ncha ya majira ya kuchipua. Yetu ikaachwa itembee, na wakazi wa Makunduchi, Unguja, sasa huisherehekea mwezi wa Julai. Mkulima aliyerithi mwongo wa kupandia kutoka kwa babu wa babu yake angepanda mapema kwa karibu mwezi mzima. Kilichomwokoa ni Kilimia, kundi lile la nyota ambalo hupotea magharibi wakati wa masika na kurudi mashariki alfajiri mwezi wa Juni, kwani nyota hazikubali kuhesabiwa siku 365 kamili. Aliyekuwa na mwongo katika ulimi na Kilimia katika macho alikuwa na vipimo viwili, na kila kimoja kilikuwa shahidi wa mwenziwe.

Kisha zikaja saa za Kizungu. Mswahili huanza kuhesabu saa zake kwa kuchwa na kwa kucha jua, na katika Amu desturi hiyo ina akili nyingi, kwa kuwa baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka pana tofauti ya robo saa tu, ilhali London tofauti hiyo hupita saa 8. Serikali ya kikoloni ilihitaji wakati mmoja kwa koloni nzima, ikaubadilisha mara kwa mara, na kuanzia mwaka 1937, kwa muda wa miaka kadhaa, saa za Kenya zilitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, basi wakati huo ulikuwa ni wa mstari wa digrii 41 na robo, unaopita kando tu ya Amu. Kwa kudura na si kwa kukusudia, makarani wa Nairobi waliishi kwa wakati wa bandari yetu. Sasa saa zimewekwa kwa mstari wa digrii 45, na Amu iko magharibi yake kwa digrii 4 na dakika 6, ambazo, kwa dakika 4 za saa kwa kila digrii, ni dakika 16. Kwa hiyo jua la Amu hufika kileleni, kwa wastani, saa 6 na dakika 16. Nasema kwa wastani, kwa sababu jua lenyewe haliendi sawasawa: mwanzoni mwa Novemba hufika saa 6 kamili, na katikati ya Februari hukawia hadi saa 6 na nusu. Anayetaka kuukagua mhirabu na angoje tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 za mchana, ambapo jua husimama juu ya Makka. Saa za Kenya na za Saudia ni moja, na kivuli cha kamba iliyoning'inizwa jiwe kitalala, wakati huo, juu ya mstari wa kibla.

A. H. J. Prins, Mholanzi aliyekaa na mabaharia wa Amu na kuandika kitabu kizima juu ya usafiri wao, alikichapisha mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Aprili 1967, roketi iliruka kutoka juu ya jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini na Wataliano wa Profesa Luigi Broglio mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo liko digrii 2 na dakika 56 kusini, na digrii 40 na dakika 13 mashariki; karibu na ikweta kila dakika ya pembe, kwa upande wowote, ni maili moja ya bahari, basi kutoka Amu ni maili 40 kwenda kusini na maili 41 kwenda magharibi, na kwa kanuni ya Pythagoras ni maili 57. Waliichagua pwani yetu kwa hesabu: mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, nao hukamilika kwa siku moja, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki huazimwa na dunia mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa kabla ya kuwasha moto wake.

Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei ya mbinguni tu, wakaiita Uhuru. Iliizunguka dunia kila dakika 96, mara 15 kwa siku, na ilipokoma kazi mwaka 1973 ilikuwa imekusanya habari zilizotoa orodha ya asili 339 za miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mojawapo ya vitu ilivyovichunguza ni kile kiitwacho Centaurus X-3, ambacho hupiga kama mshipa kila sekunde 4.8, na kwa kila siku 2 na kitu hufichwa nyuma ya nyota kubwa inayozungukana nayo. Wataalamu waliona kwamba mapigo yake hukaribiana kitu kinapotujia na huachana kinapotukimbia, na kutoka katika tofauti hiyo ndogo ya wakati wakaupata mwendo wake na ukubwa wa njia yake, kwa uwiano na kwa pembetatu.

Kwa macho hakionekani, lakini mahali pake panajulikana: ni upande wa magharibi wa Msalaba wa Kusini, digrii 60 na dakika 37 kusini ya ikweta ya mbingu. Usiku wa Mei, kama saa 3, mtu aliyesimama ufukweni Shela na uso wake suheli ana hesabu ya kutoa moja tu: digrii 60 na dakika 37, toa digrii 2 na dakika 16 za Amu, kisha kinachopatikana kitoe katika 90. Ni digrii 31 na dakika 39 juu ya maji, na kwa chanda cha zamani ni karibu vyanda 20.